Sampuli ya Mama Mkwe

Wakati huo nilikuwa nikilinganisha vipimo viwili vya amiba katika maabara moja ya Tunduma: hadubini, na kipimo cha antijeni, ambacho hutambua alama za mdudu huyo hata akiwa amekwisha kufa.

Mama mkwe wangu, mkulima wa kahawa huko Hasamba, alikuwa akiharisha damu na kukonda, nasi tulihofia utumbo usije ukatoboka. Mke wangu alimpelekea kikopo cha kuwekea choo, akarudi nacho kwa basi.

Hadubini haikuonyesha kitu. Hilo halikunishangaza, kwa kuwa choo kikipoa amiba huacha kutambaa, na ni rahisi jicho kuipita. Lakini antijeni haidai amiba hai, nayo pia ilisema hakuna. Kwa kuwa vipimo vilikubaliana, nilianza kufikiria saratani, nikamwambia mke wangu tujiandae kumpeleka Mbeya.

Yeye akanijibu: "Baba watoto, mama hajawahi hata kula mbele yako. Leo akupe choo chake ukichungulie?"

"Sasa hiki ni cha nani?"

Akapiga simu. Mama mkwe alikana kwanza, kisha nikamsikia akijitetea: "Ni cha jirani. Yeye ni mzima, na mkwe wake yuko Zambia. Ataona aibu gani?"

Sikuweza kukasirika. Vipimo vyote viwili vilikuwa vimesema kweli, ila juu ya mtu mwingine. Na staha hiyo ndiyo iliyonipokea katika nyumba yao. Nisingeweza kuifurahia staha hiyo kule Hasamba, kisha nije kuivunja huku maabarani. Nilimwomba mwenzangu wa kazi, mwanamke wa makamo, amhudumie. Mama mkwe alipofika Tunduma, mimi nilikaa uani mpaka kazi ikaisha.

Safari hii choo kilikuwa bado vuguvugu. Mwenzangu aliona amiba zikitambaa, zimemeza chembe nyekundu za damu, antijeni ikathibitisha. Daktari akaandika dawa siku hiyohiyo.

Tulipokwenda Hasamba wakati wa kuchuma kahawa, damu ilikuwa imekoma na gauni lake lilikuwa limeanza tena kumkaa. Alinisalimu akiwa nyuma ya mlango wa jikoni, kama ilivyo desturi yake, kisha akamgeukia binti yake kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie mwenzio, jirani bado anasubiri majibu yake."