Hodhi ya Chuma Kwenye Kona ya Ngazi

Ngazi ya nyumba yangu niliichora mwenyewe, kwa kijiti, kwenye mchanga wa uwanja huu huu hapa Utemini. Fundi mwashi aliniuliza kama nina ramani, nikamwambia ramani ndiyo hiyo, usiikanyage. Shule niliiacha darasa la tatu kule Issuna, nikaanza kubeba matenga ya kuku kwa baiskeli. Kuku wakanipeleka kwenye alizeti, alizeti ikanipa mashine ya kukamua, mashine ikanijengea ghorofa. Nasema haya mapema ili mtu asije akafika huko mbele akadhani nailaumu ngazi. Ngazi ni nzuri. Ni nyembamba kwa sababu nilitaka stoo ya chini iwe pana, magunia yapate pa kulala. Na ina kona katikati kwa sababu nafasi ya kuinyoosha haikuwepo. Magodoro yamepita, makabati yamepita, vitanda vimepita.

Kilicholeta yote haya ni nyonga za mke wangu. Daktari alisema zimelika, basi, umri. Kwanza alikuwa anashuka akishika ukuta, halafu akawa anashuka siku za ibada tu, halafu akaacha kushuka kabisa. Akawa mtu wa juu. Chakula kinapanda, wageni wanapanda, maji yanapanda. Daktari akasema dawa nzuri ni maji ya moto, ajiloweke hadi kiunoni, akae humo maumivu yalegee. Kwenye beseni huwezi kujiloweka hadi kiunoni. Kwa hiyo nikawa namkalisha kwenye kigoda, namwogesha kwa kopo. Mimi mwenyewe. Mikono iliyozoea magunia, sasa inashika sabuni. Kumwinua pale kigodani kulikuwa kunanimaliza mgongo, na yeye alijua, na hakuna aliyelisema.

Siku moja nikiwa namsugua mgongo aliniambia, uso ameugeuzia ukutani, "Nataka nioge mwenyewe. Nifunge mlango."

Basi. Hakuomba kingine.

Nikalivunja bafu la juu. Nikamwita fundi bomba, mtu wa makamo, ana heshima lakini ana maswali mengi. Akang'oa choo cha zamani, akang'oa vigae, akapitisha bomba la maji ya moto. Ikabaki hodhi ya kujilaza. Akasema dukani zipo za plastiki, nyepesi, anaibeba mtu mmoja. Nikamjibu kwamba mke wangu si wa ndoo ya plastiki. Nilikuwa nimeshaona ninayoitaka kule Manyoni, kwenye nyumba ya zamani ya reli iliyokuwa inabomolewa. Chuma kitupu, nje nyeusi, ndani nyeupe nyororo kama sahani za bati za zamani, na miguu minne iliyokunjwa kama ya mnyama aliyelala. Ukiigonga inalia kama kengele. Nikaileta kwa lori, ikashushwa uwanjani kwa kuangushwa juu ya matairi mabovu.

Fundi akaizunguka. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona unanisalimia mara ya pili leo?"

"Nimeishiwa maneno, mzee. Hii umeipima?"

"Kwa macho."

"Na kona ya ngazi?"

"Kona nimeijenga mimi. Naijua."

Akaenda kutafuta kamba. Fundi mwenye akili hujua pa kunyamazia.

Sasa, mtu wa mjini angeniuliza kwa nini sikwenda stendi kuchukua vijana wa kubeba mizigo, wenye shingo kama mihimili. Kwetu haiwi hivyo. Mtu aliyekubebea mawe ya msingi, ndiye unayemwita siku ya kumalizia. Ukimruka ukaleta mgeni, umemwambia amekufa. Kazi nzito ya nyumba tunaialika: unapika, unachinja, unatuma neno, na mtu anakuja na nguo zake za kazi. Nyumba yangu ilibebewa mawe na wenzangu, na wenzangu niliwaita. Tatizo ni kwamba mawe yale tuliyabeba tukiwa na meno yote.

Wakaja. Wa kwanza dereva mstaafu wa malori, mzaliwa wa Kinampanda, mtu wa maneno mengi na goti moja bovu. Wa pili mzee wa kanisa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye alishapasuliwa ngiri na hatakiwi kuinua hata mtungi. Wa tatu shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mrefu, mkavu, asiyecheka. Huyo nitamsema kidogo. Nilipokwenda kuposa kwao, yeye ndiye aliyeuliza mbele ya watu kama dada yake ataishi ndani ya tenga. Wakacheka wote. Siku ile nilimwahidi mchumba wangu, kwa siri, kwamba siku moja atalala juu ya vichwa vyao wote. Ghorofa hii ndiyo ile ahadi. Shemeji alikuja akabeba mawe yake vizuri, sikatai. Lakini kila gunia la saruji lililopanda, nilimtazama.

Tukafunga hodhi kwa kamba za katani, tukapitisha miti miwili, tukatandika magunia kwenye ngazi. Fundi juu anavuta, sisi wanne chini tunasukuma. Kutoka juu kabisa, chumbani, sauti ya mke wangu ikashuka.

"Mmeshakula?"

"Tunakula tukimaliza!" nikamjibu.

"Wazee hao hawawezi kubeba na njaa! Mkwe, wape hata uji!"

Mkwe, mke wa mwanangu, akatuletea uji kutoka jikoni, tukaunywa tumesimama, kama watoto wa shule. Kisha tukainama.

Sitaki kudanganya kuhusu uzito ule. Nimebeba magunia tangu nina ndevu za kwanza, najua gunia linavyokuzoea, linakaa begani kama mtoto. Chuma hakikuzoei. Kila hatua ni kama ya kwanza. Tulipanda ngazi moja, tukapumua. Ngazi nyingine, tukapumua zaidi. Mzee wa kanisa alikuwa ameweka kiganja tu kwenye chuma, kama anakibariki.

"Wewe unasukuma au unaombea?" dereva akamuuliza.

"Bila maombi ingekuwa imeshakuangukia."

"Basi ombea upande wangu, huku ndiko kuna goti."

Tukacheka, na kicheko kikatumaliza pumzi, tukakaa chini. Dereva akaitazama hodhi ile nyeusi imelala kwenye ngazi, akasema, "Lakini hii nayo, ukiiweka mfuniko, ni jeneza la mtu mnene."

Hakuna aliyecheka. Mgonjwa alikuwa juu anatusikia. Dereva akajipiga mdomo kwa kiganja, akainama tena kwenye mti wake.

Kwenye kona ikagoma. Kichwa cha hodhi kiligusa ukuta, mkia ukagusa reli ya ngazi, na katikati haikujipinda, kwa sababu chuma hakijipindi. Fundi akasema tuisimamishe. Tukaisimamisha, miguu yake ikachimba plasta. Dereva akasema inataka kulainishwa tu, malori yaliyokwama yeye ameyatoa kwa akili. "Una dumu la mafuta?" Nina mashine ya kukamua alizeti, ananiuliza kama nina mafuta. Nikaenda nikaleta, yale mazito ambayo hayajachujwa. Tukapaka ukuta, tukapaka reli, tukapaka kingo za hodhi. Watu wengine wangetumia akili. Sisi watu wa alizeti, kila kitu kikikwama tunakimiminia mafuta.

Ikapanda. Kweli ikapanda, ikateleza kama samaki, tukashangilia. Halafu mafuta yakafika chini ya miguu yetu. Shemeji aliteleza kwanza, akanishika mimi, mimi nikashika kamba, na hodhi ikarudi chini kwa kishindo, ikajibana kwenye kona mahali ambapo haikuwa imebana mwanzo. Nyumba nzima ililia. Hakuna aliyeumia, ila mimi kiwiko, ambacho hadi leo kinanikumbusha hali ya hewa.

Sasa ikawa hivi: hodhi haipandi, haishuki, na imeziba ngazi. Fundi yuko juu na mke wangu. Sisi tuko chini. Tukakaa kwenye ngazi tumelowa mafuta na jasho, tunanuka kama mashine. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nilimwona mzee wa kanisa ameshika tumbo lake pale alipopasuliwa, nikaona dereva anasugua goti, na nikajua nimewaita wazee kufanya kazi ya ujana wao. Lakini kurudi nyuma sijui. Nikamwambia fundi aniteremshie nyundo kubwa.

"Ya nini, mzee?"

"Nabomoa huu ukuta. Tukipata upana wa shubiri moja inapita."

Mzee wa kanisa akageuka. "Huu? Huu si ndio tulioujenga ule mwaka wa upepo mkali, mchanga ukiingia machoni?"

"Ndio huo. Nautaka chini."

Sauti ikashuka kutoka juu. "Mnabomoa nini?"

"Ukuta!"

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, mama!"

"Mimi nilikuomba ukuta? Nilikuomba kuoga."

Nikasikia anajisogeza huko juu, fundi anamwambia "taratibu mama", halafu sauti yake ikawa karibu, pale juu ya kona, nyuma ya chuma. Alikuwa amejikokota hadi ngazi ya juu kabisa. Sikumwona uso, niliona ncha ya kanga yake tu.

"Baba watoto."

"Naam."

"Hiyo stoo yako ya chini ni pana?"

Nikajua anakoelekea. Nikajifanya nakaza kamba.

"Nakuuliza wewe. Ni pana?"

"Ina magunia."

"Magunia yatoke. Nishusheni mimi."

Ni jambo dogo, mtu akilisoma ataona ni jambo dogo. Nilishapima hodhi kwa macho, nilishasafiri hadi Manyoni, nilishavunja bafu, nilikuwa tayari kuvunja ukuta. Kumshusha mke wangu akalale chini, hilo halikuwa limenipitia kichwani hata mara moja. Nilimweka juu kwa mikono yangu. Kumshusha mbele ya kaka yake kulikuwa kama kulirudisha lile tenga.

Nikamtazama shemeji. Nilimtegemea aseme neno, nilikuwa nimeshaandaa jibu lake tangu ujana. Yeye akajipangusa mafuta kwenye suruali, akasema, "Shemeji, dada ameshasema. Shika kamba."

Nikashika kamba.

Kuishusha hodhi kulitusumbua kuliko kuipandisha, maana sasa hatukuwa na hamu. Mafuta yale yale yaliyotuangusha ndiyo yaliyoifungua pale kwenye kona. Fundi akaisukuma kwa mguu kutoka juu, sisi tukaizuia kwa kamba, ikateremka ngazi kwa ngazi ikigonga, ikaingia stoo kama iliyokuwa inapajua. Mkwe akaleta majivu ya jikoni, akamwaga ngazi nzima, akasugua kwa ufagio mpaka mguu ukashika.

Kisha tukachukua ile miti miwili na kamba zile zile, tukafunga kiti changu cha mninga. Kijijini tulikuwa tunambeba mgonjwa hivyo mpaka barabarani. Mke wangu akakaa, akajifunika kanga vizuri, akasema tusimtazame kama maiti. Dereva na fundi wakachukua mbele, mimi na shemeji nyuma. Mzee wa kanisa alitangulia akishuka kinyumenyume, mikono mbele, kama angeweza kumdaka.

"Mwepesi huyu," dereva akasema. "Tungejua tungeanza na huyu."

"Umri wangu wote nimembeba mume wangu," mke wangu akamjibu, "ndiyo maana nimekonda."

Pale kwenye kona kiti kilipita bila kugusa ukuta. Akanyoosha mkono, akagusa plasta iliyochimbwa na miguu ya hodhi, akaitazama vidoleni.

Tulikula kuku na ugali wa mtama uwanjani, wote mikono tumeiegemeza mezani kwa uchovu. Wakaondoka wakichechemea. Shemeji alibaki nyuma kidogo. Aliangalia juu, kwenye dirisha la chumba chetu, ambalo ukisimama vizuri unaona kipande cha ziwa. Akasema, "Nyumba nzuri," akaenda zake. Ilimchukua muda mrefu kulisema, na mimi nilikuwa nimechoka mno kufurahi.

Fundi alifanya kazi siku zilizofuata, akaleta bomba stoo, akaweka vigae na vyuma viwili ukutani vya kushikia. Vijana wa mashine wakapandisha magunia ya alizeti chumbani kwetu, kwenye upepo mzuri na dirisha la ziwa. Sisi tukahamia chini, chumba cha wageni. Sasa ndivyo ilivyo: alizeti inalala ghorofani, mwenye ghorofa analala chini yake.

Siku maji yalipokuwa tayari nilimpeleka mpaka mlangoni, nikamshikisha vyuma. Nikasimama pale, mkono tayari kumdaka.

"Toka," akasema. "Funga mlango."

Nikatoka, nikafunga. Nikasikia anapambana, nikasikia kimya, nikashika kitasa. Halafu nikasikia maji yanapokea mtu, na pumzi ndefu. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango.

"Upo?" akauliza baada ya muda.

"Nipo."

"Basi nenda mbali kidogo."

Sikwenda. Nilitaka kwenda, lakini magoti yalikuwa yamekataa kuinuka.