Mkono Ndani ya Buti

Muuza mabuti hataji bei kabla ya kuchovya. Hulizamisha buti kwenye beseni la maji mpaka karibu na shingo, akaingiza mkono ndani na kutulia, macho juu, kama anayetafuta mapigo ya moyo. Mkono ukitoka mkavu, humvalisha mteja soksi nzito na kumtembeza dukani. Wenye haraka humwona msumbufu. "Buti halipimwi kwa kukaa," huwaambia. "Kidole gumba kikigusa mbele, kwenye mteremko utanililia." Na mteja akifika mlangoni, lazima amrushie neno lile lile: "Usiyaanike juani, ngozi itakakamaa!"

Asubuhi moja ya mvua aliingia mjane wa msoma mita za maji, mabuti ya marehemu yakiwa kwapani. Yalikuwa bado mazima, akaona heri yauzwe yamfae mtu mwingine. Muuza mabuti hakuyachovya. Aliingiza mkono, akapapasa pale unyayo ulipobonyea, na safari hii mkono haukutoka upesi.

"Alikuwa anaelemea mguu wa kulia?" akauliza polepole.

"Goti la kushoto lilimsumbua," mjane akajibu.

Muuza mabuti aliyapangusa tope kwa mkono wa shati lake, ndani hakugusa, akamrudishia. "Siwezi kuyauza, dada. Haya bado yana mwenyewe."

Mjane akayakumbatia, akageuka. Alipofika mlangoni akasikia sauti nyuma yake, ya chini kuliko siku zote:

"Dada. Usiyaanike juani."