Siku Mtaa Wetu Ulipokosa Mimba

Huku kwetu Mbugangari, mpakani na Goma, mgeni akija unafagia kwanza. Sufuria nyeusi zinaingizwa ndani, nguo zilizochanika zinatolewa kwenye kamba, na mbuzi anayehara anapelekwa kwa jirani. Basi mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu, alipotangaza kwamba watafiti wanakuja kuuliza habari za wasichana wanaobeba mimba mapema, mtaa mzima ukafanya unachokijua. Wasichana wenye mimba wakafichwa.

Mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka kumi na saba, mimba ya miezi minane, na miguu imevimba hata anavaa sandali za baba. Tangu juzi kichwa kilimuuma na alikuwa anaona nyota mchana. Mama alisema ni chumvi. Shangazi alisema ni mtoto wa kiume, hao huanza kusumbua mapema. Mimi, fundi cherehani niliyeishia darasa la sita, sikujua kitu. Niliogopa tu.

"We utakaa jikoni," mama alimwambia asubuhi. "Na usikohoe."

"Na nikiumwa zaidi?"

"Utaumwa pole pole."

Watafiti walikuja na gari jeupe, viti vya plastiki na muuguzi mwenye kipimo cha presha. Tukawapangia wasichana bora tuliokuwa nao: waimbaji wa kwaya, wanafunzi wa madrasa, na mimi, wa miaka ishirini na mbili, niliyeamriwa niwe wa kumi na nane. Nilikubali kwa furaha. Si kila siku mtu anarudishiwa ujana wake na uongozi.

Mtafiti akauliza, "Katika mtaa huu, nini kinafanya mabinti wapate mimba?"

Mkuu wa mudugudu akakohoa kidogo. "Hapa kwetu hawapati. Ile mambo iko Goma."

"Iko Goma, bon," akina mama wakaitikia.

Maskini Goma! Nusu ya shangazi zetu wanaishi huko, na kila aibu yetu tunaivusha mpaka bila kuonyesha kitambulisho. Mtafiti aliandika kwa bidii. Nilimhurumia: ametoka mbali kutafuta mimba, sisi tunampa kwaya.

Muuguzi, kwa kukosa wajawazito, alibaki na kipimo chake mkononi. Cha bure, nani atakiacha? Akina mama wakajipanga. Bibi yetu alipimwa mara mbili, maana ya kwanza hakusikia utamu wake. Hata mkuu wa mudugudu alikunja mkono wa shati. Kipimo kilibana kila mkono wa mtaa isipokuwa ule uliokuwa nyuma ya mlango wa jikoni.

Nikaenda kumtazama mdogo wangu. Alikuwa ameegemea gunia la makaa, amefumba macho.

"Dada, zima taa. Inanichoma."

Jikoni kwetu hakuna taa. Nikamshika mkono, nikamtoa nje mbele ya wote.

"Yewe!" shangazi akashika mdomo.

"Huyu ni mugeni," mkuu wa mudugudu akawahi. "Ni mutoto wa Goma, amefika jana."

"Na hii mimba nayo imefika jana?" muuguzi akauliza huku anamfunga kipimo. Alipima, akapima tena, na tabasamu likamfutika usoni. "Huyu anaenda hospitali sasa hivi. Nani ndugu yake?"

Nilifungua mdomo, lakini mama alinitangulia. Alikuwa ameshika birika la chai ya wageni.

"Ni wangu. Nimemuzaa mimi, katika ile nyumba pale. Donc, twende!"

Akapanda gari mbele, kiti cha mkubwa wa watafiti, birika mapajani. Mkubwa mwenyewe akabaki na sisi.

Gari lilipoondoka, jirani mmoja akainuka, akaingia kwake, akarudi na binti yake, tumbo mbele. Kisha mwingine. Mkuu wa mudugudu akaanza kulalamika kwamba viti havitoshi.

Mi sikumsikiliza. Nilikaa na simu mkononi mpaka jioni, mama alipopiga.

"Wamemupasua. Mutoto iko mudogo sana, lakini analia muzuri."

"Na mama yake?"

"Analala. Presha imeanza kushuka." Akavuta makamasi. "Shona nguo ulete. Na usishone kubwa, nakujua."