Wimbo wa Mke Wangu

Miaka ya themanini nilikuwa napiga gitaa katika bendi ya hoteli moja Watamu, na nasema bila haya: hakuna aliyenishinda masikio. Nyimbo za roki nilizisikia zote ni ndugu. Huu unakwenda mbio, ule unajikokota, lakini mkono wa kushoto unashika nyuzi palepale, kwa mpango uleule. Mgeni akiomba wimbo tusioujua, nilimtaka aniimbie mstari mmoja tu. Kabla hajaumaliza nilikwisha kuujua wimbo ulio ndugu yake, tukampigia huo. Mgeni aliimba maneno yake juu yake, akarudi mezani kifua mbele. Wenzangu walicheka chinichini.

Mke wangu, nyumbani Muyeye, alikuwa amenuna.

“Wageni wote wawapigia nyimbo zao,” aliniambia. “Wangu mie uko wapi?”

Ilinichoma, maana alisema kweli. Kwa wiki mbili nikamtungia wake, kwa Kiswahili, na jina lake ndani. Nikamwapia kuwa wimbo ule duniani anao yeye peke yake. Akaniamini, naye si mtu wa kuamini upesi.

Jumapili moja kiongozi wa bendi akaniruhusu niupige wakati wa chakula cha mchana. Mke wangu akaja na leso mpya, akaketi karibu na mlango wa jikoni. Nikaanza kwa madaha. Ubeti haujafika nusu, mgeni mmoja akaweka uma chini, akaimba pamoja nami kwa Kiingereza. Mara mkewe, mara meza nzima. Maneno yao yaliingia sawasawa, hayakuzidi wala hayakupelea. Ndipo na mimi nikasikia. Ulikuwa wimbo wa roki tuliokuwa tukiupiga kila Jumamosi. Nilichofanya ni kuupunguza mwendo tu. Mimi, mwenye masikio. Niliona aibu. Nikapaza sauti niwafunike, nao wakadhani nawachochea.

Nilipomwendea mke wangu nilikuwa tayari kuungama. Nikamkuta analia kwa furaha.

“Wazungu hawa wameujulia wapi wimbo wangu?”

“Wepesi wa kushika,” nikasema.

Sasa tumezeeka. Ule wa Kiingereza ukipigwa redioni, mke wangu huacha anachofanya, akaongeza sauti.

“Sikia,” huniambia, “umefika Ulaya.”

Kisha huimba maneno yangu juu yake, mpaka mwisho, nami humsikiliza.