Daraja Alilovuka Waziri

Miaka ile ya sabini, nilipokuwa mbunge huko Iringa, kikao baada ya kikao nilisimama kuuliza swali lilelile: lini Serikali itajenga daraja la kijiji cha ng'ambo ya mto? Jibu nalo lilikuwa lilelile. Tatizo linafahamika, fedha zikipatikana litashughulikiwa. Ukikaa chini unajisikia kama umepanda mlima wa Kitonga kwa miguu.

Mvua zikinyesha, magogo ya kuvukia pale mtoni yalisombwa, na mjamzito aliyeshikwa na uchungu hakuwa na njia ya kufika hospitali ya Tosamaganga. Hilo ndilo nililotaka waziri alione kwa macho yake. Mwishowe, kiangazi kimoja, akakubali kuja. Nilifurahi kama mtoto.

Tulipofika mtoni nikakuta daraja. Magogo mapya yamepangwa, udongo umeshindiliwa, juu yake majani mabichi, na akina mama wanapiga vigelegele. Nikamvuta pembeni mwenyekiti wa kijiji, kijana mchapakazi, nikamuuliza wamefanya nini.

"Sasa mheshimiwa," akasema, ameshangaa kweli, "mgeni mkubwa hivi tumwache akanyage tope? Si watatucheka? Tangu juzi hatujaenda shamba."

Ningemgombeza vipi? Kwetu unafagia kwanza, ndipo unamkaribisha mtu.

Nikamweleza waziri kwamba kazi ile ni ya juzi, mvua ya kwanza itaizoa. Akacheka, akanipiga begani. "Ndugu Mbunge, wewe unalalamika, wenzako wanajitegemea!" Landrova yake ikavuka polepole, watu wakashangilia, tukanywa togwa.

Kikao kilichofuata nikauliza tena. Safari hii jibu lilikuwa jipya: waziri mwenyewe amepita pale kwa gari, na wananchi wale ni mfano wa kuigwa. Wabunge wenzangu wakapiga makofi, na wengine wakageuka kunipongeza. Nilichoka siku ile, na sijui kama uchovu ule umewahi kunitoka.

Mvua za mwanzo zikalizoa daraja lote. Wiki hiyohiyo mke wa mwenyekiti akashikwa na uchungu. Wakambeba kwa machela hadi ukingoni, wakasubiri maji yapungue. Hayakupungua.

Nilipokwenda kuzika, niliishia upande huu wa mto. Wao walikuwa mteremkoni upande wa pili, nawaona vizuri, wanafukia kaburi. Mwenyekiti aliponiona aliweka jembe chini, akavua kofia, akainama kunisalimu.