Jumapili kina mama walipomwokoa Baba

Enzi zetu za Troyeville, hapa Joburg, Jumapili ilinukia magwinya, yale maandazi ya moto, kutoka spaza, kiduka cha pale kwenye robot, taa za barabarani. Mama alitupaka mafuta usoni mpaka tunang'aa kama sufuria, na ukilalamika anakwambia, "Mungu hapokei uso mkavu." Vijana wa leo wanaingia ibadani na nyaya masikioni, kuwasalimia mpaka uwaguse bega.

Kanisani kwetu kulikuwa na kinanda cha mabomba, kikubwa kama nyumba, kilichoachwa na Wazungu waliohama mtaa. Mpigaji alikuwa Baba. Siku za kazi aliranda mbao Doornfontein. Kinanda alijifunza kwa mapadri, akisoma Bukavu. Ikafika wazee wa kanisa wakataka kiondolewe, pakae ngoma na spika. Wakamwambia, piga siku ya Pentekoste, halafu tutaamua. Baba akachagua muziki wa Kifaransa, wa kisasa alivyosema, uliotungiwa kinanda peke yake, bila mwimbaji hata mmoja.

"Papa Neema, piga wanachokijua," Mama alimsihi, akimwita kwa jina langu.

"Leo wataujua," akajibu.

Jamani. Sauti ya kwanza ilitoka kama milango yote ya mtaa imefunguliwa kwa pamoja. Ya pili ikaja kugongana nayo. Vioo vikatetemeka, mdogo wangu akaingia chini ya benchi. Mimi nilidhani kinanda kimepasuka. Sikujua muziki unaweza kumkaba mtu shingo.

Sasa kwetu sisi, mtu akipotea kwenye wimbo haachwi aaibike. Kina mama wanadaka pambio, wanamfunika. Mama Zawadi, kiongozi wa kwaya, alimtazama Baba kwa huruma. "Eish, Papa Neema amepotea, maskini," akasema, benchi la nyuma yetu likalia, akasimama na kuanzisha pambio. Makofi yakafuata, kanisa zima. Baba aligeuka mdomo wazi, vidole bado vinapiga. Kisha akavuta vifungo vyote vya kukuza sauti, akakanyaga kanyagio za chini kwa miguu miwili, na pambio likazama. Kina mama wakakaa mmoja mmoja, mikono kichwani. Alipomaliza, hata wazee wenye kikohozi hawakukohoa.

Mzee wa kanisa akafuta jasho. "Kama akipotea kinatikisa hivi, akiipata njia itakuwaje? Kinanda kibaki."

Nyumbani Baba alituapia kwamba hakukosea hata mahali pamoja. Lakini pale kanisani, Mama Zawadi alipomshika mkono na kumwambia, "Pole, Papa, siku nyingine tutaanza mapema," nilimwona anageuka kukitazama kinanda. Nikajua anachagua kati ya jina lake na kinanda chake, maana wazee walikibakiza wakidhani alipotea.

"Asante, mama," akasema.

Siku hizi kijana akikwama mbele za watu, wenzake wanatoa simu wampige picha wakacheke nayo nyumbani. Sharp, sawa tu, ndiyo maendeleo. Ila mimi, kila Joburg inaponipoteza, bado natega sikio nyuma yangu, nikingoja benchi lilie na Mama Zawadi asimame.