Mafuta ya Alizeti Yaliyoniua Mbele ya Wageni

Niiseme mwenyewe hii aibu yangu, maana shoga yangu Mwajuma akiisimulia anatia chumvi, na hapa Miyuji tayari wapo wanaoniita Marehemu.

Mjukuu wangu Neema anasomea magonjwa ya moyo chuoni. Siku hiyo walikuja wageni wa taasisi ya utafiti, wale wanaosaidiana na chuo kufundisha vijana na kuchunguza mioyo ya watu wa huku kwetu, wakataka kuwaona wanafunzi wakipima, wachague wa kuendelea na mafunzo. Neema akaniomba nilale anipime mbele yao. Ningekataaje? Mama yake, binti yangu Yudita, moyo ulimwangusha jikoni asiinuke tena, Neema akiwa mdogo, anamtazama.

Sasa upepo wa Dodoma mnaujua, unakupausha kama umetoka jivuni. Nikasema simwaibishi mjukuu wangu kwa ngozi ya kenge, nikajipaka mafuta ya alizeti, ya kukamua kwetu Kongwa, shingo, kifua, miguu (mgongo alinisugua Mwajuma), nikang'aa kama andazi.

Neema akanibandika nyaya chini ya kanga, moyo wangu ukaonekana kwenye skrini ukutani, mstari mkubwa, unarukaruka, wageni wakapiga makofi, mimi jasho likanitoka likakutana na mafuta, nyaya zikateleza moja moja, nami nimefumba macho kimya (si niliambiwa nitulie?), na ule mstari ukutani ukanyooka.

Mwajuma, aliyenisindikiza, akapiga yowe: "Jamani, Anjelina katutoka!" Walio nje wakapokea kilio.

Nikafumbua macho niwaambie nipo. Nikamwona Neema. Amesimama, ananitazama kwa uso wa mtoto mdogo, nikajua si mimi anayemwona pale kitandani.

"Neema, mimi mzima, mama. Ni mafuta."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wake, Daktari Mashaka, akasema taratibu, "Endelea, binti. Mgonjwa anakungoja."

Neema akachukua pamba na spiriti, akanifuta kifua chote, machozi yananidondokea, akabandika upya. Mstari ukaanza kuruka.

"Huo ndio moyo wako, bibi," akasema, na mkono hakuuondoa.

Walimchagua. Lakini ule uso wake ninao mpaka leo. Sasa siku ya kupimwa naoga maji matupu, naenda nimepauka hivyohivyo, na Mwajuma namwacha nyumbani.